Uzoefu wangu Bagh-e Fin (bustani ya Fin), Kashan, Iran: tulikwenda kumtafuta babu yake Shahrzad

Naanza na pesa, maana ndizo zitakazokukwamisha kabla hujaiona bustani. Kadi yako ya benki, iwe ya Muscat, Dar au London, haifanyi kazi Iran. Si kwamba inasumbua, haifanyi kazi kabisa. Beba noti za dola au yuro, safi, zisizochanika, ukabadilishe kwenye duka la fedha mjini. Na ujue mapema kwamba bei huandikwa kwa riali lakini watu hutamka tomani, na tomani moja ni riali kumi. Siku ya kwanza nilimpa muuza sharubati mara kumi ya alichotaka. Alicheka, akanirudishia noti tisa mkononi, moja moja, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Tulikuwa wawili: mimi ninayefanya kazi Muscat, na mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Unguja. Mama ni mzaliwa wa Bububu. Utotoni walikuwa wakipanda mpaka Kidichi kucheza kibe ndani ya lile hamamu la Kiajemi ambalo Sayyid Said, sultani wa Unguja, alimjengea mkewe Shahrzad, mwaka 1850 hivi. Kwa watoto lilikuwa gofu tu lenye maua ya chokaa ukutani, mitende na tausi. Nilipomwambia kwamba Shahrzad alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, na kwamba bustani aliyoifufua babu huyo ipo mpaka leo na watu hukata tiketi wakaingia, alinikazia macho. "Basi twende tukamuone huyo babu mtu kwao."

Tukaenda, mwaka juzi mwezi wa Mei. Kutoka Tehran hadi Kashan ni kama saa tatu kwa gari, kilomita mia mbili na arobaini hivi kuelekea kusini, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa. Bustani haiko mjini penyewe, iko kwenye kitongoji cha Fin, pembeni, chini ya milima.

Kwa nje hamna kitu. Ukuta mrefu wa rangi ya biskuti, mnara wa mviringo kila pembe, vumbi, na foleni ya familia zilizobeba vikapu vya chakula. Mama akaniuliza kama tumekosea njia. Kisha unapita mlango mkubwa, na hewa inabadilika ghafla. Si maneno ya kupamba: nje nilikuwa najipepea na pasipoti, ndani nilivuta mtandio mabegani. Mbele yako kuna mfereji ulionyooka kama uzi, umetandikwa vigae vya feruzi, maji yanarukaruka katikati yake, na kushoto na kulia misipresi mikongwe yenye mashina manene, ambayo Waajemi huiita sarv. Mingine inasemekana ina karne kadhaa.

Hapo ndipo nililielewa neno ambalo nimelitamka tangu chuoni kwa maalimu. Firdausi, yaani pepo. Asili yake ni neno la Kiirani cha kale, pairi-daeza, maana yake mahali palipozungushiwa ukuta. Ukilijua hilo, vumbi la nje lina kazi yake. Kama lisingekuwepo, ukuta ungezungushiwa nini? Na hata hili neno letu bustani ni la kwao, na feruzi pia. Mama alisema hilo halimshangazi, wametoka nasi mbali.

Nikupe historia kwa ufupi, kwa sababu vibao vya pale havikupi. Sura ya bustani inayoonekana leo ni ya enzi ya Shah Abbas wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1588 hadi 1629. Ukubwa wake ni hekta 2.3 tu. Nasema "tu" kwa sababu ukiwa ndani hutaamini. Wasafavi, ukoo wa Shah Abbas, walipoanguka nayo ikachakaa, mpaka alipokuja Fath Ali Shah wa ukoo wa Kajari, aliyetawala 1797 mpaka 1834, akaikarabati na kuongeza majengo. Ikachakaa tena. Mwaka 1935 ikawa mali ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na bustani nyingine nane za Iran, kama kundi moja.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kwenda. Bustani nzima haina pampu. Nyuma yake, upande wa mlima, kuna chemchemi inayoitwa Soleymaniyeh. Maji hukusanywa kwenye hodhi lililoinuka kuliko bustani, halafu yanashuka kwa uzito wake mwenyewe. Chini ya mifereji yamelazwa mabomba ya udongo wa kuchoma, na kadiri yanavyokwenda mbali na hodhi ndivyo yanavyozidi kuwa membamba, ili nguvu ya maji isipotee njiani. Ndiyo maana kile kirusha maji cha mwisho hakionekani mnyonge mbele ya cha kwanza. Mama aliinama, akaweka kidole juu ya kimoja, akatulia. "Yanasukuma kama mtoto tumboni," akasema. Nikajaribu na mimi. Ni kweli kabisa.

Kuna hodhi moja ndani ya banda, Howz-e Jushan, lenye matundu mengi sakafuni, na maji yanapanda kwenye kila tundu yakitengeneza vidimbwi vinavyotikisika bila kukoma. Jushan maana yake yenye kuchemka, yenye kububujika. Mama alisikiliza ile sauti, akanigeukia: "Hii si Bububu hii?" Kwa wasiojua, wazee wengi wa kwetu husema mji wetu umepewa jina kwa sauti ya chemchemi. Tulikaa pale karibu nusu saa. Kijana mmoja mwenye mtoto begani alitusogezea nafasi, akamwita mama "khanom", yaani bibi, na mama akamjibu "ahsante baba" kwa Kiswahili, wakaelewana.

Kuhusu jumba, usiende ukitegemea kasri la vyumba mia. Wafalme hawa walikuja Fin kupumzika, na nyumba imejengwa kulitumikia hodhi, si kinyume chake. Katikati ya bustani kuna banda la Kisafavi la ghorofa mbili, wazi pande zote, na maji yanapita chini ya miguu yako yakatoka upande wa pili. Linaitwa Shotor Galu, koo la ngamia, kwa sababu maji yanazama chini kisha yanapanda tena kama shingo ya mnyama huyo. Nyuma zaidi ndipo lilipo banda la Fath Ali Shah, na hapa nyanyua kichwa mpaka shingo iume: dari lote limechorwa, maua na viumbe na rangi zilizofifia ambazo zingepotea kama zingekuwa ukutani zikaguswaguswa. Nilimtolea mama kwenye simu picha ya Fath Ali Shah, kiuno kama cha nyigu na ndevu nyeusi zinazofika kiunoni. Aliitazama, akalitazama dari. "Alijipenda," akasema. Akaongeza kwamba maua haya ndiyo yale ya Kidichi, isipokuwa kule ni chokaa tupu. Mimi si fundi wa sanaa, lakini yeye ndiye aliyezipapasa kuta zile kwa vidole, kwa hiyo sikubishana.

Halafu kuna hamamu, na hapa ndipo furaha ilipotuishia.

Waziri mkuu wa Naser al-Din Shah aliitwa Mirza Taqi Khan, lakini Waajemi wote wanamjua kwa jina la Amir Kabir. Alikuwa mtoto wa mpishi. Mfalme alipokalia kiti mwaka 1848 alikuwa kijana wa miaka 17, na Amir Kabir ndiye aliyeishika nchi: akabana matumizi ya ikulu, akahimiza watoto wachanjwe ndui, akaanzisha gazeti, akajenga Dar ul-Funun, shule ya kwanza ya elimu mpya Iran. Mtu anayekata posho za wakubwa hujitengenezea maadui, na adui mkubwa wa huyu alikuwa mama wa mfalme mwenyewe. Novemba 1851 akafukuzwa kazi akahamishiwa Fin. Dar ul-Funun ilifunguliwa Desemba ya mwaka huohuo, mwenyewe akiwa kizuizini katika bustani hii.

Mkewe alikuwa dada wa mfalme, binti mdogo mno, naye alimfuata. Inasimuliwa kwamba hakumwacha peke yake, na kwamba alikuwa akionja chakula kabla hakijamfikia mumewe. Ikabidi wapate hila. Zikaja habari kwamba mfalme amesamehe, joho la heshima liko njiani. Mtu anayengoja joho la mfalme huenda kwanza kuoga. Tarehe 10 Januari 1852 alipokuwa hamamuni, peke yake kwa mara ya kwanza, watu waliotumwa wakaingia na amri, akakatwa mishipa, akaachwa atoke damu.

Hesabu nilizozifanya pale mlangoni zilinifanya nikae chini. Shahrzad alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah, Naser al-Din kitukuu wake. Hamamu la Kidichi 1850, mauaji ya Fin mwanzoni mwa 1852. Ukoo mmoja, na zimepita kama miaka miwili tu baina ya hamamu lililojengwa Unguja kumliwaza binti aliye mbali na kwao, na hamamu ambamo mtumishi bora kuliko wote waliopata kuwa nao alitolewa damu.

Na sasa lalamiko langu. Ndani ya hamamu wameweka masanamu. Amir Kabir wa nta amekaa pale na wauaji wake, na watu wanapanga foleni kupiga nao selfi. Jengo lenyewe linatosha: mabanda ya chini, mwanga unaodondoka kutoka tundu la kuba, sakafu inayoteleza, mwangwi. Acha mtu asimame akae kimya atayaona mwenyewe. Mama alilipa lile sanamu mgongo, akajitanda mtandio vizuri, akasoma Fatiha. Bibi mmoja wa Kiirani alimwona, akasimama kando yake, naye akasoma. Zile simu zilishuka kwa dakika moja hivi.

Lalamiko la pili ni la mwongozaji. Nilimpata kupitia programu ya simu, akalipwa mapema kupitia ndugu wa rafiki, akafika amechelewa dakika arobaini. Nusu saa ya kwanza aliongea mbio kama mnadi wa sokoni, na mara mbili alitaka kutupeleka duka la mazulia la mjomba wake. Nikiri kwamba mama alipomuuliza "haya maji yanapandaje?", alibadilika akawa mtu mwingine. Alichora mabomba kwa kijiti kwenye changarawe, na karibu yote niliyoyaandika hapo juu kuhusu maji yametoka kwenye mchoro ule. Ushauri wangu: usiwaache waongozaji waanze na wafalme, waulize maji.

Mengine ya haraka. Ijumaa usiende, ni siku yao ya mapumziko na kila mtu yuko pale. Fika mlango unapofunguliwa, kabla ya mabasi. Tiketi ya mgeni ni ghali mara kadhaa kuliko ya mwenyeji, usipigane nao, ndivyo ilivyo kwenye maeneo yote ya kale ya nchi ile. Wanawake wote hutakiwa kujifunika kichwa, kwa hiyo sisi na mitandio yetu tulikuwa nyumbani. Wenye magoti kama ya mama watafurahi kwa sababu ardhi ni tambarare, ila vizingiti vya hamamu vinahitaji mkono wa mtu. Kiangazi sikushauri, Kashan ni jangwa na joto lake halina huruma.

Mwezi wa Mei una jambo jingine: ni msimu wa waridi. Kashan na mji jirani wa Qamsar ndiko marashi mawaridi yanakotoka, na barabara ya kuingia bustanini imejaa maduka, masufuria ya shaba yakifuka mvuke, magunia ya petali yamemwagwa chini. Mama aliingia duka la tatu, akasimama kama aliyemwona jirani. Juu ya rafu kulikuwa na mrashi. Mrashi uleule wa harusini na maulidini, shingo ndefu, kichwa chenye vitundu. Muuzaji akasema "golabpash". Mama akautikisa juu ya kiganja chake, akanitikisia na mimi usoni kama ninavyotikisiwa tangu utoto, yule mzee akacheka akatupunguzia bei bila kuombwa.

Nyota nne. Ya tano wameitia maji wenyewe kwa yale masanamu, ingawa mama anasema niiandike kuwa ni ya mabomba.

Chupa za marashi ziweke kwenye begi kubwa, hazipandi nawe ndani ya ndege, na zifunge kwa plastiki mbili. Sisi tulifunga kwa moja. Tulipofungua begi Muscat, chupa moja ilikuwa imekwisha yote, na kwa wiki mbili nilikwenda ofisini nikinukia maulidi.