Dawa ya kutu ya kupuliza kwenye kompenseta ya breki: nje safi, ndani hapana

Aisee gari langu ni la zamani, kompenseta ya breki za nyuma (kile kifaa kinachopima nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo) iligoma kabisa, ule mkono wake unaoshikwa na springi kutoka kwenye ekseli hausogei hata ukiugonga, ukipakia mzigo breki za nyuma ni kama hazipo, mbele ndo zinabeba kila kitu. Nikasugua na brashi ya waya, nikapuliza hii dawa jioni, asubuhi tena, siku ya pili mkono ukaanza kucheza. Hapo naipa nyota zote.

Nati za paipu sasa, mh, moja ilitoka, nyingine ikazunguka na paipu lake likakatika, na spana ya paipu nilikuwa nayo, kwahiyo andaa paipu mpya mapema. Na msiipulize ndani jamani!! Inavimbisha mipira ya breki, ndani ni mafuta ya breki tu. Kwangu hata hivyo pistoni ya ndani ilishaliwa na kutu, nikafunga kompenseta nyingine, nikaseti springi na kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, magurudumu yote manne. Dawa iliyobaki natumia kwenye bawaba za milango lol