Seti ya kwanza ya modeli kwa klabu: tano za kuchagua, kuanzia ya kununua sasa hadi ya kungoja

Klabu nyingi za modeli za plastiki, yaani ndege, magari na meli ndogo za kuunganisha vipande, hukosea siku ya kwanza, pale kila mwanachama anaponunua boksi analolipenda: huyu manowari, yule gari la mbio, mwingine ndege ya injini nne. Baada ya miezi mitatu meza imejaa mabawa yasiyo na ndege. Tunashauri wote wanunue seti ileile, ndogo, iliyotoka kwenye kalibu mpya (umbo la chuma linalomiminiwa plastiki), na waijenge pamoja. Mtu akikwama hatua ya saba, jirani yake ameshaipita na ana kipande kilekile mkononi cha kumwonyesha.

Hilo la kalibu mpya lina uzito kuliko jina la kampuni. Kalibu ya chuma hutumika miaka mingi mno, na picha ya boksi ikibadilishwa bidhaa ya zamani huonekana mpya. Airfix, kampuni ya Uingereza, walitoa modeli yao ya kwanza ya Spitfire, ndege ya kivita ya Kiingereza, mwaka 1953, na baadaye wakatengeneza nyingine kadhaa kwa skeli ileile ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Asiyejua anaweza kubeba ya zamani. Kalibu iliyochoka huacha ngozi nyembamba ya plastiki pembeni mwa vipande, na nusu mbili za kiwiliwili hazikutani sawasawa. Kabla ya kulipa, itafute namba ya seti kwenye tovuti ya Scalemates. Utaona kalibu ilitengenezwa mwaka gani na imeuzwa kwa maboksi gani.

Nafasi ya kwanza tunaipa ndege ya kivita ya injini moja kwa skeli ya 1/72, na hasa Spitfire Mk.Ia mpya ya Airfix. Ndege halisi ina mita 11.2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, kwa hiyo modeli inafika sentimita 15.6 hivi. Vipande havifiki 50. Inauzwa pia pamoja na gundi, brashi na rangi zake, ila gundi hiyo ya kitubu ni nzito, hutoka kwa matone na kuchafua. Bora ununue chupa ya gundi nyepesi ya Tamiya Extra Thin, ile ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani. Tumeiweka juu kwa sababu ndani ya boksi dogo mna kazi zote za msingi: mshono mrefu, kioo, magurudumu, rangi za mabakabaka na stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa.

Mshono ndio unaomtofautisha aliyejifunza na asiyejifunza, kwa hiyo ufanyeni polepole. Kwanza osheni fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani huzuia rangi kushika. Kata kila kipande mara mbili: mara ya kwanza mbali, ukiacha kama milimita tatu za kishina, halafu karibu kabisa, upande bapa wa koleo ukiwa umeelekea kipande. Ukikata mara moja tu, plastiki huvutika na kuacha doa jeupe au shimo. Jaribu kuunganisha bila gundi. Zikikutana vizuri, bana nusu mbili kwa vidole, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Gundi hii haigandishi kwa juu. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili ziwe kitu kimoja. Ukiongeza kubana kidogo, uzi mwembamba wa plastiki laini hupanda juu ya mshono. Usiuguse. Uache hadi kesho yake, ndipo uupare kwa kisu na kupiga msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000.

Kosa linalojirudia hapa ni kuweka kidole juu ya mshono. Gundi huvutwa chini ya kidole na alama zake hubaki zimechorwa kwenye plastiki. La pili ni kubandika kioo cha rubani kwa supagluu: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi. Kioo kibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

Wenye macho yaliyochoka wachukue 1/48. Spitfire ya skeli hiyo ina sentimita 23 na ushee, na za Tamiya hukutana vizuri sana.

Ya pili ni Gundam, roboti za katuni za Kijapani, za kampuni ya Bandai, skeli ya 1/144. Roboti RX-78-2 ana urefu wa mita 18 kwenye hadithi yake, kwa hiyo mezani anasimama sentimita 12.5. Vipande hubanwa bila gundi na plastiki ina rangi tayari. Toleo la Entry Grade halihitaji hata koleo, vipande hukatika kwa mkono. Kama klabu ina watoto, au haina chumba chenye madirisha ya kutosha, hii ipande iwe ya kwanza. Tumeishusha kwa jambo moja tu: haifundishi gundi wala mshono, na anayetoka hapo kwenda kwenye ndege huanza upya.

Kifaru kinashika nafasi ya tatu. Skeli ya 1/35 ilienezwa na Tamiya wa Shizuoka, Japani, waliotoa kifaru chao cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ukubwa wa kutosha kuweka mota na betri ndani. Chagueni Sherman, kifaru cha Kimarekani, msianze na Tiger wa Kijerumani, ambaye magurudumu yake yamepandana safu kwa safu na kila moja lina ukingo wa kupaka. Uzuri wa kifaru ni kwamba vumbi na tope hufunika makosa ya rangi. Minyororo ya plastiki laini inayozunguka magurudumu husumbua: mingine hukubali gundi ya kawaida, mingine haikubali kabisa, kwa hiyo someni maelekezo kabla ya kuibandika.

Gari la 1/24 liko nafasi ya nne, ingawa ndilo linalovutia zaidi dukani. Rangi yake inayong'aa haisamehe, kila chembe ya vumbi na kila alama ya kidole huonekana. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja kuna tatizo la ziada. Thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, ikikauka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani hunasa pale, na mng'ao hugeuka mweupe kama maziwa. Pulizeni siku kavu, mvua ikiwa mbali, kwa matabaka mawili matatu mepesi kabla ya lile la kulowesha.

Ya mwisho ni meli ya 1/700. Manowari Yamato, yenye mita 263, hutoka na sentimita 37.6, na hapo ndipo mtu hudhani ni kazi nyepesi. Lakini kuna mizinga midogo ya milimita chache inayoruka kutoka kwenye kibano na kupotea sakafuni. Ikateni ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha. Tungengoja hadi modeli ya nne au ya tano.

Kuhusu vifaa, kila mtu awe na koleo lake, kisu, kibano na msasa. Chupa mbili za gundi zinatosha watu sita. Msasa wa maji mtaupata duka la vifaa vya ujenzi, na gundi nyeupe duka la vifaa vya shule. Msijaribu kuzimua rangi kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha: yenye asitoni hula plastiki. Gundi na makopo ya rangi ya kupuliza ni vitu vinavyoshika moto, na wasafirishaji wengi hawavipokei kwa ndege. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa, vinginevyo seti zitafika na gundi itabaki ng'ambo. Rangi za maji kama Vallejo Model Color husafiri kwa urahisi zaidi na hupakwa vizuri kwa brashi.

Na mkiwa sita, agizeni seti saba. Kioo kikipasuka au gurudumu likipotea, kulipata peke yake kutoka nje huchukua wiki nyingi, na anayengoja gurudumu huacha kuja klabuni.