Rangi za chambo kwa uvuvi wa barafuni Minnesota: uanze na zipi, zipi uziache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi hapa Minnesota mwezi Desemba, utakuta ukuta mzima umetundikwa vijiko (vipande vya chuma vyenye ndoano, vinavyopinduka na kumetameta majini) na jigi (ndoano zenye kichwa kizito), na jigi ile ile moja imepakwa rangi kumi au zaidi. Anayeanza hushika zinazopendeza macho yake, akatoka na mfuko mzito, na bado akakosa ile moja ambayo ziwa lake linaitaka. Makundi manne ya rangi yanatosha msimu mzima. Nayapanga hapa kuanzia lenye faida kubwa kuliko yote, nikiwafikiria hasa ndugu zetu waliohamia huku kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, wanaojua kuvua vizuri tu ila hawajawahi kutoboa ziwa kwa keekee ili wateremshe mshipi.

Kabla ya rangi, tazama mwanga

Maji humeza rangi kwa zamu. Kwenye ziwa lenye maji maangavu, nyekundu hupotea kwanza, ndani ya mita chache tu. Hufuata rangi ya machungwa, kisha njano. Kijani na bluu ndizo zinazofika mbali. Jigi nyekundu iliyokuvutia chini ya taa za duka, ikifika futi 25 inaonekana ya kijivu au nyeusi.

Ziwa la maji ya kahawia, yale yanayotoka kwenye vinamasi na misitu, mambo yake ni kinyume. Humo bluu ndiyo humezwa mapema, na mwanga kidogo unaobaki chini ni wa njano, machungwa na nyekundu. Kwa hiyo mtu akikuambia "nunua rangi fulani" bila kukuuliza unavua ziwa gani, amekupa nusu ya jibu.

Halafu kuna barafu yenyewe. Barafu mpya ya mwanzo wa msimu, ile nyeusi unayoweza kuona maji chini yake, hupitisha mwanga mwingi. Theluji ikiilalia, giza huingia hata saa sita mchana. Ndiyo maana chambo kilichonasa samaki kabla ya Krismasi kinaweza kupuuzwa mwezi Februari, shimo likiwa pale pale. (Theluji hiyo hiyo huficha barafu dhaifu na kuizuia isigande vizuri. Idara ya Maliasili ya jimbo, inayojulikana kama DNR, inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya na safi kabla ya mtu kutembea juu yake, na barafu nyeupe iwe nene maradufu. Pima mwenyewe kila unapokwenda.)

Mwisho, jicho la samaki. Wengi huku humfuata wolai, samaki mtamu asiye na harufu kali. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo sababu humetameta ukimmulika, na katika giza la jioni huona vizuri kuliko visamaki anaowinda. Seli zake za kutambua rangi ni za aina mbili: moja ya kijani, nyingine ya machungwa na nyekundu. Ya bluu hana. Hilo peke yake linapanga nusu ya orodha hii.

Ya kwanza: kijani cha ndimu kinachong'aa gizani

Kama una pesa ya chambo kimoja tu, nunua hiki. Kijani chenye unjano, kikali kama ndimu changa, ndicho jicho la wolai hukipokea vizuri, na hufaa maji maangavu na maji ya kijani yenye mwani. Ukiongeza rangi inayong'aa gizani, umetatua pia tatizo la theluji, la jioni na la usiku. Kwenye paketi tafuta neno "Glow".

Lakini si kila "Glow" ni sawa. Rangi za zamani za aina hii zilitumia salfidi ya zinki, ambayo hufifia haraka. Zilizo bora zaidi hutumia aluminati ya strontiamu, nayo hukaa muda mrefu. Paketi nyingi hazikuambii, kwa hiyo jaribu papo hapo dukani: mulika chambo kwa tochi ya simu kwa sekunde kumi, kifunike kwa viganja viwili, kisha chungulia kwa jicho moja. Kinachobaki na mwanga hafifu wa kijani baada ya dakika mbili tatu kinunue. Kilichokwisha zima kirudishe ukutani.

Aliyekulia Mwanza au Kisumu anajua jinsi dagaa wanavyofuata taa ya karabai usiku. Chambo kinachong'aa hakifanyi kazi hiyo. Mwanga wake ni mdogo, hauwezi kukusanya samaki kutoka mbali. Kazi yake ni kumwezesha samaki ambaye tayari yuko karibu akione. Kwa hiyo usikimulike kila dakika hadi kiwake kama balbu. Wolai mwenye wasiwasi hukaribia, hutazama, kisha hurudi nyuma. Ukimwona kwenye sonari (kifaa kinachoonyesha samaki walio chini ya shimo) akifanya hivyo mara mbili, acha mwanga ufifie nusu kabla hujakiteremsha tena.

Ya pili: dhahabu

Kwa maziwa ya maji ya kahawia, mimi ningeipandisha dhahabu hadi nafasi ya kwanza. Lake of the Woods mpakani na Kanada, na Upper Red Lake, yote yana maji yaliyokolea, na mwanga unaofika chini huko ni wa upande wa njano na nyekundu. Dhahabu huurudisha mwanga huo wenyewe. Kijani huko kinabaki kizuri, ila kijiko cha dhahabu chenye doa la machungwa au pinki ndicho ningefunga kwanza mchana.

Nunua dhahabu kwa umbo la kijiko, si jigi ndogo. Chuma kilichopakwa dhahabu kinahitaji uso mpana unaopinduka ili kimetemete. Na chagua iliyofunikwa kwa chuma halisi kilichong'arishwa, si rangi ya kupuliza. Ile ya kupuliza hukwaruzwa na ukingo wa shimo, na baada ya safari chache unavua na kipande cha chuma cha kijivu.

Ya tatu: nyeupe na pinki, kwa jigi ndogo

Hapa namfikiria zaidi anayevua krapi na blugili, samaki wadogo wanaopatikana hata kwenye maziwa ya ndani ya jiji, ambayo mtu wa Brooklyn Park au Saint Paul anafika bila safari ndefu. Krapi hula vijidudu vinavyoelea, vingi vyao karibu havina rangi, na nyeupe inayong'aa kidogo gizani iliyochomekwa funza mmoja huwa inatosha. Pinki huweka tofauti kidogo pale krapi wanapochoka na nyeupe. Nikilazimika kuchagua moja, nachukua nyeupe, kwa sababu hubeba rangi ya mwanga wowote uliopo.

Kwa jigi hizi, uzito ni muhimu kuliko rangi. Tungsteni ni metali nzito sana kuliko risasi, metali ya jigi za kawaida, hivyo jigi ndogo ya tungsteni huzama haraka, hunyoosha mshipi mwembamba, na huonekana vizuri kwenye sonari. Bei yake inaweza kuwa mara mbili ya ile ya risasi, na ninaona inastahili. Risasi pia huwaua ndege aina ya loon, ndege rasmi wa jimbo hili, wanapoimeza. Unapokagua jigi ya tungsteni, tazama tundu la kufungia mshipi: mara nyingi limezibwa na rangi. Lizibue kwa ncha ya ndoano nyingine ukiwa bado ndani ya gari. Kulizibua barafuni kwa vidole vilivyokufa ganzi ni adhabu.

Ya nne: fedha

Fedha ni ya maziwa maangavu, hasa pale wolai na paiki wanapokula visamaki vyenye magamba meupe. Mille Lacs ni mfano mzuri. Kome wa pundamilia, kome wadogo wenye mistari, waligunduliwa humo mwaka 2005, wakaenea na kuchuja maji, na ziwa likawa angavu kuliko zamani. Kwenye maji kama hayo, mchana wa jua na barafu isiyo na theluji, fedha hufanya vizuri na rangi kali inaweza kuzidisha. Kwenye maji ya kahawia hupoteza nguvu, ndiyo maana nimeiweka nyuma ya dhahabu.

Za kuongeza baadaye

Nyekundu na nyeusi naziweka pamoja kwa sababu kwenye kina kirefu samaki huziona karibu sawa. Zina mahali pake: jigi ndogo nyekundu kwenye matope ya kina kifupi, kwa perchi wa manjano, huiga viluwiluwi wekundu wa wadudu wanaoishi kwenye tope. Nyeusi huonekana kama kivuli kwa samaki anayetazama juu kuelekea kwenye barafu yenye mwanga. Nunua moja, ndogo.

Mchanganyiko unaoitwa Firetiger, mgongo wa kijani, tumbo la machungwa na mistari myeusi, ni mzuri kwa maji machafu kwa sababu rangi zake zinapingana. Kama tayari una kijani cha ndimu na dhahabu, huna haraka nao.

Bluu na zambarau ziache. Wapo wanaozisifu, na kwenye maji maangavu sana zinaweza kuonekana kwa mbali. Ila kwa wolai kwenye maziwa ya kawaida ya Minnesota, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Namna ya kununua

Kabla ya kwenda dukani, fungua tovuti ya DNR iitwayo LakeFinder, andika jina la ziwa lako, utazame kipimo cha uangavu wa maji na aina za samaki waliopo. Kipimo hicho huchukuliwa kwa kisahani kinachoshushwa majini hadi kisionekane. Namba ikiwa kubwa, maji ni maangavu: kijani cha ndimu na fedha. Ikiwa ndogo na maji ni ya kahawia: dhahabu na kijani kinachong'aa.

Kisha nunua vijiko viwili vya umbo moja, kimoja kijani kinachong'aa na kimoja dhahabu (au fedha kama maji ni maangavu), na jigi mbili za tungsteni, nyeupe na pinki. Umbo moja ni makusudi: ukitoa kijani ukaweka dhahabu na samaki akauma, utajua ni rangi iliyofanya kazi, si mwendo wa chambo. Kwenye maziwa mengi ya jimbo, msimu wa baridi unaruhusiwa mishipi miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaweza kuzishindanisha ndani ya kibanda kimoja cha barafuni. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi awe na leseni.

Kama unanunua mwishoni mwa Februari, ruka vijiko kabisa. Msimu wa wolai kwenye maziwa ya ndani ya jimbo, yasiyo ya mpakani, hufungwa wakati huo, na krapi, blugili na perchi hubaki wazi. Weka pesa yote kwenye jigi ndogo nyeupe, na ubakishe ya kununulia funza.