Kihispania cha mwaka mzima ndani ya muhula mmoja: kozi nzuri, mwendo umekosewa

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kozi hii ya kasi ya Kihispania kwa wanaoanza inafaa, na mwalimu tuliyempata anajua kazi yake. Tatizo ni kwamba mwendo wake umepangwa kwa mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Sisi wenye Kiswahili tunakalishwa tukisubiri pale tusipo na shida, kisha tunaburutwa pale tulipohitaji muda.

Mpangilio ni huu: kozi mbili za mwaka wa kwanza zimebanwa kwenye muhula mmoja. Darasa ni Jumatatu hadi Ijumaa. Sarufi unaisoma mwenyewe usiku ili saa za darasani ziwe za kuzungumza, na mwalimu hatumii lugha nyingine tangu siku ya kwanza. Jaribio fupi ni karibu kila asubuhi, mtihani ni kila sura inapoisha, halafu kuna insha na mtihani wa mdomo mnaoufanya wawili wawili. Ukikosa Jumatatu, Jumanne unawakuta wenzako wanatumia kitenzi ambacho wewe hujawahi kukiona. Mimi nasomea uhandisi, na ilibidi somo moja zito nilisogeze muhula unaofuata. Mwenye ratiba iliyojaa achukue kozi ya polepole, wala asione haya.

Mwanzo ulikuwa wa kupiga miayo. Irabu za Kihispania ni tano, zilezile zetu, na hazibadiliki neno kwa neno. Darasa zima lilikuwa likifundishwa kutoivuta "o", na mimi naangalia saa. "Ñ" ni "ny" ya nyumba. "Z" ukiitamka kama watu wa Madrid ni "th" ya thelathini, ukiitamka kama watu wa Meksiko ni "s", chagua moja uendelee. Halafu kikaja kipindi kirefu cha kutuzoesha kwamba "hablo" inajitosheleza bila "yo" mbele yake, kana kwamba kuna mtu duniani anayeona ajabu kusema "nasema" bila "mimi". Upatanisho nao: "el libro nuevo, los libros nuevos". Aliyewahi kusema kitabu kipya, vitabu vipya, hahitaji kushikwa mkono hapo.

Katika matamshi, kilichostahili muda na hakikupewa ni mkazo. Kihispania huuweka silabi ya pili kutoka mwisho kwa maneno mengi yanayoishia na irabu, "n" au "s", kama sisi tunavyofanya, na ndiyo maana tunabweteka. Kisha inakuja ile alama juu ya herufi: "hablo" ni nasema, "habló" ni alisema. Ulimi wa Kiswahili ukiachiwa uhuru utazitamka zote mbili kama ya kwanza. Kitabu kimeliweka jambo hilo kwenye kisanduku pembeni mwa ukurasa, basi.

Sasa tufike kwenye "ser" na "estar", vitenzi viwili vya kuwa, ambavyo vilimaliza darasa letu. Kitabu kinafundisha kwamba "ser" ni ya mambo ya kudumu na "estar" ni ya mambo ya kupita. Sheria hiyo haifiki mbali. Hakuna hali ya kudumu kuliko kufa, lakini husemwa "está muerto". Madrid haijahama tangu iwepo, lakini "Madrid está en España". Kila mtu akawa anabahatisha, na mwalimu akazidi kuchora vikatuni ubaoni. Njia niliipata kwenye Kiswahili, na ningeshukuru kama ningeambiwa mapema: pale ambapo ungetumia -me- kuelezea hali, weka "estar". Amechoka, "está cansado". Ameketi, "está sentado". Mlango umefungwa, "la puerta está cerrada". Amekufa, hiyo tumeshaiona. Pale ambapo ungesema yuko, yupo au kimo, weka "estar" vilevile. Pale ambapo ungesema "ni", mara nyingi ni "ser": "es médica", ni daktari. Hata ile jozi inayopendwa na watunga mitihani inakaa sawa, kwamba "es aburrido" ni mtu wa kuchosha na "está aburrido" ni mtu aliyechoshwa. Njia hii inakataa sehemu mbili tatu. Mkutano kwetu uko maktaba, lakini wao husema "la reunión es en la biblioteca", kwa sababu shughuli hutumia "ser". Na mtu ambaye kwetu ni mgonjwa, kwao "está enfermo". Hizo kariri. Zilizobaki zitajipanga zenyewe.

Kwenye nomino, ngeli zinakupa moyo wa uongo. Sisi neno lenyewe hutuambia liko wapi kwa kiambishi chake. Wao nomino ni ya kiume, yenye "el", au ya kike, yenye "la"; kwa kawaida -o mwishoni ni ya kiume na -a ni ya kike, lakini mwisho huo hudanganya: "la mano" (mkono), "el día" (siku), "el mapa" (ramani), "el problema" (tatizo). Kuna hata "el agua fría", maji yanayovaa "el" mbele na sifa ya kike nyuma. Kariri kila nomino pamoja na "el" au "la" yake, usiiache itembee peke yake. Lakini donda ndugu la msemaji wa Kiswahili ni "yeye". Hatuna mazoea ya kuuliza yeye ni mwanamke au mwanamume kabla ya kufungua mdomo. "Habla" inakuficha, kama anasema inavyokuficha. Ukifika kwenye "cansado" au "cansada" huna pa kujificha. Kwenye mazoezi ya mdomo, dada za watu walikuwa wakianza sentensi wakiwa wanawake na kuimaliza wakiwa wanaume.

Nyakati mbili zilizopita zilisukumwa mwishoni, watu wakiwa hoi na mitihani ya masomo mengine. "Comí" ni nilikula, "comía" ni nilikuwa nakula. Mpaka hapo tuko pamoja. Sasa sema: nilipokuwa mtoto niliishi kijijini. Sisi -li- inatosha, wao wanataka "vivía", kwa sababu ni hali iliyokuwa ikiendelea. Tena "sabía" ni nilikuwa najua na "supe" ni nilipata kujua. Tena "fui" ni nilikwenda na pia nilikuwa, maana inatokana na sentensi. Haya yote yalipewa muda uleule zilizopewa irabu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Raha ndogo ilikuja kwenye kuamuru kwa heshima. "Habla", anasema, "hable", aseme. Yule -a anageuka -e kama kwetu! Ilidumu dakika chache, maana vitenzi vya kundi jingine vinafanya kinyume, "come" inakuwa "coma".

Mfumo wa mazoezi ya mtandaoni sitausifu. Ukisahau alama juu ya herufi moja jibu zima ni kosa, sawa, tujifunze. Lakini ukiacha nafasi mbili badala ya moja nalo ni kosa, na saa sita kamili za usiku unafungiwa nje. Kitabu kinakuja na namba ya kufungulia inayotumika mara moja tu, kwa hiyo cha kurithi kwa aliyetangulia hakikusaidii. Sauti za kusikiliza ni za studio, polepole na safi mno. Nenda kawasikilize watu wa Andalusia, kusini mwa Hispania, au wa Karibiani wanaomeza "s" ya mwisho, utadhani kozi ilikuwa ya lugha nyingine.

Na wale waliosoma Kihispania sekondari kisha wakajiandikisha kama wanaoanza ili wavune alama, mwalimu aliwajua ndani ya siku chache. Bahati mbaya kuwajua si kuwaondoa, na jaribio la kuwapanga watu kwa viwango lilikuwa la hiari.

Kwenye karatasi kozi inakufikisha A2, ngazi ya pili kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya. Kuandika na kuzungumza nakubali, kusikiliza, bado. Mimi nimechukua kozi ya kati inayofuata kwa mwendo wa kawaida, siyo ya kasi. Nawe ukienda kujisajili, uliza kwanza kutokuwepo darasani kunakata alama ngapi. Sisi kulikata, na karatasi ya daktari ilirudisha nusu tu.