Seti ya kutanulia bomba za kopa: uzoefu wangu hapa Tanga

Fundi friji anayeanza hununua geji za kupimia presha ya gesi kwanza. Mimi namshauri aanze na seti ya kutanulia bomba, yaani kuufungua mdomo wa bomba kama tarumbeta ili nati iubane. Yangu ni ya Kichina, haina jina, imo kwenye kisanduku cha plastiki: kikata bomba, jiriwa mbili (vibanio vya kushikia bomba) zenye matundu, koni ya kuzungusha kwa mkono, na vichwa vya kupanulia bomba ili nyingine iingie ndani yake. Niliipata Ngamiani kwa bei ambayo kazi mbili za friji zinairudisha.

Kabla ya kulipa, soma namba kwenye jiriwa. Moja inatakiwa iwe ya inchi, na hiyo ndiyo utakayoitumia. Bomba ya robo inchi ina milimita 6.35; ukiibana kwenye tundu la 6 linaiuma na kuacha makovu. Ya inchi 3/8 ni milimita 9.52, na kwenye tundu la 10 inateleza kila ukikaza koni. Muuzaji alitaka kunipa jiriwa mbili za milimita, tena kwa roho safi kabisa. Kwake matundu ni matundu.

Kikata ni kizuri. Kaza kidogo kila mzunguko. Ukikibana kwa pupa bomba inakuwa ya yai. Kisha kwangua ncha ya ndani, mdomo wa bomba ukielekea chini ili vumbi la kopa lidondoke sakafuni. Kapilari, ile bomba ndogo inayopitisha gesi ndani ya friji, ni nyembamba mno, chembe moja inaiziba. Bomba iliyokunjwa na kunyooshwa mara nyingi huwa ngumu na mdomo wake hupasuka kwenye koni. Ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe, italainika. Mradi iwe tupu: gesi za friji za R600a na R290 zinawaka, usisogeze moto kwenye mfumo wenye gesi hizo.

Nati ivalishwe kwenye bomba kabla ya kutanua. Tone la oili ya kompresa kwenye koni, halafu zungusha taratibu. Kwa AC za gesi ya R410A mdomo wa robo inchi unatakiwa uwe milimita 8.7 hadi 9.1. Hapa ndipo seti yangu inaponikera: koni haina klachi ya kuiachia inapofika kipimo, hivyo mkono ndio unaoamua. Ukizidisha, ukingo unakuwa mwembamba kama karatasi na gesi inatoroka polepole, mwenye AC akulaumu baada ya miezi.

Nati zenyewe ni za shaba njano, mchanganyiko wa kopa na zinki, na adui yake ni amonia. Zamani maganda ya risasi ya jeshi la Waingereza kule India yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na sababu ikaja kuonekana ni amonia ya mikojo ya farasi. Ndiyo maana viwanda vya barafu vinavyotumia amonia havifungi nati hizi, wanatumia chuma. Kitengo cha AC ukikifunga jirani na choo cha nje, kagua nati kila unapokwenda kusafisha.

Vichwa vya kupanulia sina malalamiko navyo. Kina cha kupanua kilingane na upana wa bomba, ndipo ulehemu ushike.

Kwa friji za wauza samaki na kazi za hapa na pale mtaani, seti hii inatosha. Anayefunga AC kila siku hotelini Raskazone aongeze pesa achukue ya klachi.