Alama za APACHE II au jicho la daktari kwa mgonjwa mahututi
Mfumo wa APACHE II, wa kupima ukali wa ugonjwa kwa wagonjwa mahututi, uliochapishwa mwaka 1985, hujumlisha vipimo 12 vya mwili katika hali yake mbaya zaidi ndani ya saa 24 za kwanza tangu mgonjwa alazwe katika chumba cha wagonjwa mahututi, pamoja na umri na maradhi sugu, kisha hutoa alama kati ya 0 na 71; zikiwa juu, hatari ya kufa ni kubwa zaidi. Hufaa kulinganisha makundi ya wagonjwa, si kutabiri hatima ya mmoja. Daktari humwona mgonjwa akikunja uso anapogeuzwa, jambo lisilomo kwenye alama, ingawa naye mara nyingi hukosea anapokadiria muda uliobaki. Familia inapoamua kuhusu matibabu, naegemea kwa daktari anayezitafakari alama hizo pamoja na anachokiona mwenyewe. Maumivu na shida ya kupumua, hata hivyo, vitulizwe mara moja bila kungoja utabiri wowote.