Vifaranga wa kishingo: wazuri sana kwa joto la Dar, ila jogoo mkague mwenyewe

Kwa anayefuga huku Dar kwenye joto, kishingo, yaani kuku wa shingo isiyo na manyoya, chukua bila wasiwasi. Nilinunua vifaranga na jogoo mmoja kwa mzalishaji wa huku Pwani, simtaji jina, na vifaranga walifika wamechangamka, vitovu vimekauka vizuri, hapo nampa tano kwa tano. Jua la mchana likikolea kuku wangu wengine wanajibanza kivulini midomo wazi wanahema, kishingo wao bado wanaparua tu, maana joto la mwili linatoka nje kupitia ile ngozi tupu ya shingo.

Kinachoniuma ni jogoo. Niliambiwa atatoa kishingo pekee, nikampandisha na mitetea ya kishingo, wakatoka na vifaranga wa shingo imejaa manyoya! Nampigia muuzaji, eti jogoo wa jirani ameingia bandani. Hapana jamani, kishingo ni mabadiliko ya jeni, kuna kipande cha DNA kimejichomeka mahali si pake, wanasayansi wa taasisi ya utafiti ya Roslin kule Scotland walieleza mwaka 2011 kwamba kinafanya ngozi itengeneze kwa wingi protini inayozuia manyoya kuota, na ngozi ya shingo ndo inaathirika zaidi. Sasa kuku anarithi nakala mbili, moja ya baba moja ya mama, na nakala moja tu ya kishingo inatosha shingo kuwa wazi, ile ya manyoya ipo humohumo imelala. Wakikutana wawili wa hivyo, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne anapata zile mbili zilizolala na anatoka na manyoya yake kamili. Si lazima jirani ahusike.

Na huhitaji maabara kujua. Mwangalie mbele ya shingo, chini, juu kidogo ya gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: mwenye nakala moja ana kishungi cha manyoya kimebaki pale, mwenye mbili shingo ni tupu au ana vinyoya viwili vitatu tu. Jogoo niliyeuziwa ana kishungi kinaonekana toka getini, na muuzaji anayezalisha kila wiki anatakiwa alijue hilo amwambie mteja kabla hajatoa hela. Wale waliotoka na manyoya usiwatunze ukitegemea watazaa kishingo baadaye, hiyo jeni hawana, ikiwepo lazima ionekane, fuga uuze nyama.

Vifaranga nitachukua tena kwake. Jogoo sichukui mpaka nimshike mkononi nimkague shingo.